Ushanga Juu ya Gome: Historia ya Nguo Tuliyoiacha Njiani



Katika toleo hili la kumbukumbu kurasa nyingine zinataja miaka ya kukimbia na majina ya mahali tulipopita. Sisi walimu tumepewa na Kamati ukurasa wa historia, na safari hii tumeamua kuandika juu ya nguo. Huenda baadhi yenu mkashangaa. Lakini historia ya watu haimo katika vita na mikataba peke yake. Imo pia katika kile walichovaa mchana na kujifunika usiku.

Sababu yetu ni hii. Sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Rumonge kushuka Nyanza-Lac hadi Kabonga mpakani, tulipovuka tulivuka na ngoma. Hata pale magogo yenyewe yalipobaki nyuma, mikono iliyakumbuka mapigo, na leo sherehe ya kambini bila ngoma haihesabiwi kuwa sherehe. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu, nasi tunajivunia. Nguo ya babu zetu hatukuivusha, maana ilikuwa imekwisha kuachwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tunataka kueleza iliachwaje, na jinsi majirani zetu wa Uganda walivyoiokota na kuifanya kazi ya sanaa inayotazamwa na dunia. Mwisho tutasema jambo hili linatuhusu nini sisi tulio kambini.

Neno lililobaki

Mwulize mtoto yeyote wa Kirundi nguo anaitaje, atakujibu: impuzu. Shati ni impuzu, sare ya shule ni impuzu, kitenge cha mama ni impuzu. Lakini hapo zamani neno hilo lilikuwa jina la kitu kimoja tu, yaani nguo iliyopondwa kutoka katika gome la mti. Ndugu zetu Wanyarwanda hata leo wakisema impuzu wanakusudia nguo ya gome, na nguo za dukani wanaziita imyenda. Sisi Warundi tulipoanza kuvaa pamba tuliipa pamba jina la gome. Nguo yenyewe ikatoweka, jina likabaki kinywani kama mlango uliobaki umesimama baada ya nyumba kubomoka.

Mti wenyewe ni wa jamii ya mikuyu. Sisi tunauita umuvumu, na Waganda wana ndugu yake wanaouita mutuba. Wazee walipenda kuupanda kuzunguka rugo, na pale palipokuwa na makao ya mfalme miti hiyo ilibaki imesimama vizazi vingi ikionyesha mahali. Gome huvuliwa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji. Fundi hukata mkato juu na mwingine chini, akapasua kwa urefu, akalibandua gome taratibu likiwa zima. Kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba kama anavyofungwa mtu mwenye jeraha, na gome jipya huota. Mti haufi. Mti mmoja ukitunzwa vizuri huvuliwa tena na tena kwa miaka mingi.

Gome lililovuliwa hulainishwa, kisha hutandikwa juu ya gogo na kupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo. Ya kwanza ina mifuo mipana, zinazofuata zina mifuo myembamba zaidi. Kazi hiyo hufanyika chini ya banda, kwa sababu jua likilipiga gome mapema hukauka na kupasuka. Kadiri linavyopondwa ndivyo linavyopanuka, hata kipande chembamba kikawa shuka ya kumfunika mtu mzima. Likianikwa hupata rangi ya udongo mwekundu. Palipokuwa na tundu la tawi fundi hushona kiraka. Nguo ya gome ilikuwa na viraka tangu siku yake ya kwanza, wala haikuwa aibu.

Merikani na ushanga zinafika ziwani

Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo na Unguja ilifika Ujiji, upande wa pili wa mpaka wetu wa leo. Waingereza Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Aprili mwaka huo walipanda mitumbwi kuelekea kaskazini hadi Uvira, wakipita kando ya mwambao wa Burundi, yaani mbele ya vijiji vya mababu zetu. Katika nchi hizi waliwakuta watu wakivaa nguo za gome na ngozi. Lakini sokoni Ujiji nguo nyingine ilikuwa imekwisha kuwa na nguvu.

Nguo hiyo ni merikani. Jina lake linatuambia ilikotoka, kwani ilikuwa pamba iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo ya buluu iliyokolea kutoka Bara Hindi. Ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti. Akina mama wanaonunua kanga hata leo wanasema doti, pengine bila kujua kwamba wanatumia kipimo cha misafara.

Na pamoja na nguo ulikuja ushanga. Sokoni Ujiji ushanga ulikuwa ndio fedha. Uliotumika zaidi uliitwa sofi, umbo lake kama vipande vilivyovunjika vya shina la kiko. Ulitungwa katika uzi ulioitwa khete, na khete kumi zilifanya fundo. Kwa ushanga ulinunua samaki, chumvi, mawese na mbuzi. Tusifiche neno: kwa nguo hizo na ushanga huo walinunuliwa pia watu, maana Ujiji lilikuwa soko la watumwa.

Sehemu kubwa ya ushanga wa kioo uliofika pwani ya Afrika Mashariki karne ile ilitengenezwa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, na katika kisiwa cha jirani kiitwacho Murano. Tunawaomba wasomaji waukumbuke mji huo, kwa kuwa tutaurudia.

Gome halikushindwa kwa siku moja. Pamba ilifuliwa kwa urahisi, gome halipendi maji. Pamba ilikuja na sifa ya ugeni na utajiri. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani, kisha wa Wabelgiji hadi uhuru wa mwaka 1962. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na mkulima akalima kahawa milimani na pamba katika bonde la Imbo ili aipate. Mwenye fedha alinunua nguo dukani. Mwenye kuvaa gome akaonekana maskini, na wamisionari wengi waliihesabu nguo ile kuwa ya mizimu. Fundi aliyekosa mnunuzi hakuona faida ya kumfundisha mwanawe. Hivyo ndivyo ufundi unavyokufa, pole pole, bila mtu yeyote kuupiga marufuku.

Kitenge cha Kagunga

Nguo iliyokuja kushika nafasi ya gome na merikani miilini mwetu ni kitenge. Waliovuka mwaka 2015 wanajua maana yake. Kutoka Kabonga hadi kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania si mbali. Lakini Kagunga ni ufuko mwembamba, ziwa mbele na mlima nyuma, na mwezi wa Mei mwaka huo makumi ya maelfu ya watu walijazana hapo wakingoja kuvushwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwasomba watu kwa awamu hadi Kigoma, na kutoka Kigoma mabasi yakawapeleka makambini.

Katika siku zile kitenge kilikuwa mzigo, kwa maana vyombo vyote vilifungwa ndani yake. Kilikuwa mbeleko ya mtoto, kivuli juu ya vijiti viwili, pazia la mama anayejifungua, machela ya mgonjwa na sanda ya aliyefariki. Waliokimbia mwaka 1972 na mwaka 1993 watatuambia kwamba hata kwao ilikuwa hivyo. Mkimbizi hawezi kubeba kabati wala sanamu ya mti. Nguo hukunjwa ikatosha kwapani. Ndiyo maana kati ya vitu vyote vya nyumbani, nguo ndiyo inayojua njia yote tuliyopita.

Majirani waliookota kilichotupwa

Sasa twende Uganda. Huko nako pamba ilipunguza nguvu ya gome, lakini haikulimaliza kabisa. Katika Buganda ufundi huo una zaidi ya miaka 600, na mafundi wa kifalme hutoka katika ukoo wa Ngonge, wakiongozwa na mkuu wao wa kurithi aitwaye kaboggoza. Watu wa kawaida walivaa gome la rangi ya udongo. La wafalme na machifu lilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Hata pamba ilipoenea, gome lilibaki katika mambo makubwa, hasa kutawazwa kwa wafalme, maombolezo na maziko.

Mwaka 1966 jeshi la serikali lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa II, naye akakimbilia Uingereza. Mwaka uliofuata falme za Uganda zilifutwa. Kabaka alifia ukimbizini London mwaka 1969, na mwaka 1971 mwili wake ulirudishwa ukazikwa Kasubi, mahali ambapo makaburi ya wafalme yamefichwa nyuma ya pazia la nguo ya gome. Tarehe 31 Julai 1993 mwanawe, Ronald Mutebi, alitawazwa, na nguo ya gome ikaonekana tena hadharani kama vazi la heshima. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaandikwa katika orodha ile ile ambayo ngoma yetu iliingia miaka sita baadaye.

Lakini kuhifadhi ni kazi moja, na kuendeleza ni kazi nyingine. Kitu kilichowekwa kabatini kinasalimika na panya, lakini hakizai. Hapo ndipo wasanii wa siku hizi walipoingia.

Kazi ya Sanaa Gateja

Msanii tunayetaka mumjue anaitwa Sanaa Gateja. Alizaliwa mwaka 1950 Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Rwanda. Watu wa huko husema Kifumbira, lugha iliyo karibu sana na Kinyarwanda na hivyo karibu na Kirundi chetu. Alisoma Italia, kisha London katika chuo cha Goldsmiths, akijifunza ufundi wa mapambo. Baadaye alirudi Uganda, na tangu miaka ya 1990 amejulikana kama mtu aliyeeneza utengenezaji wa shanga za karatasi. Aliwafundisha akina mama wengi, na kikundi chake akakiita Kwetu Afrika.

Shanga hizo hazihitaji tanuru wala kioo. Karatasi iliyokwisha kutumika, kama gazeti, kalenda ya mwaka uliopita au tangazo la ukutani, hukatwa vipande vya pembetatu ndefu. Kila kipande huzungushwa juu ya kijiti kuanzia upande mpana hadi ncha, kikabanwa kwa gundi, kikatolewa na kupakwa vanishi. Unene wa kati hutokana na upana wa mwanzo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kujifunza kwa saa moja.

Wengi wangeishia hapo, watunge mikufu na kuiuza. Gateja alijaribu jambo ambalo fundi wa zamani asingelifikiria. Alichukua nguo ya gome, akaitandaza kama karatasi ya kuchorea, akashona juu yake shanga za karatasi, moja moja, kwa maelfu. Nyingine zimepakwa rangi, nyingine zimeachwa na maandishi ya gazeti yakionekana vipande vipande. Shanga zinapangwa kwa miduara, kwa mistari inayopinda kama maji au kama matuta ya shamba, mahali pengine zimesongamana na pengine gome limeachwa wazi. Ukisimama mbali unaona picha. Ukisogea unaona sindano na uzi, na unafahamu ni mikono mingapi imefanya kazi hapo. Kwa kuwa ni nguo, haina fremu. Inaning'inia, na uzito wa shanga unaivuta ikae kama kanga iliyoanikwa.

Tukiitazama kazi hiyo kwa jicho la historia, tunaona jambo kubwa. Katika karne ya 19 nguo ya kigeni na ushanga wa kigeni vilikuja katika mzigo mmoja, na baada yake gome likasukumwa pembeni. Katika kazi ya Gateja ushanga umerudi kwa gome na kulipamba. Tena ushanga wenyewe si wa kununuliwa ng'ambo kwa pembe za ndovu na watu. Umetengenezwa na akina mama wa hapa hapa, kwa takataka za mjini. Vitu viwili vilivyogombana katika historia yetu vimeshonwa pamoja kwa uzi.

Venice kwa mara ya pili

Sasa turudi kwenye mji tuliowaomba mkumbuke. Tangu mwaka 1895 Venice hufanya maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, na nchi mbalimbali hupeleka wasanii wao. Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2022, kwa kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, ikapata sifa maalumu kutoka kwa majaji. Mwaka 2024, katika maonyesho ya 60, ilirudi, na Acaye Kerunen ndiye aliyepanga kazi zilizoonyeshwa. Miongoni mwa wasanii walikuwamo Sanaa Gateja, Xenson Ssenkaaba, na Jose Hendo ambaye hushona mavazi mapya kwa nguo ya gome.

Fikirini, ndugu. Mji uliowauzia mababu zetu ushanga wa kioo sasa umepokea ushanga wa karatasi kutoka Uganda, na umeupokea kama sanaa.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni jina la maonyesho yote ya mwaka ule, lililomaanisha kwamba wageni wako kila mahali. Sisi tulio wageni kwa miaka mingi tunalielewa jina hilo bila mkalimani. La pili ni jina ambalo Uganda iliipa sehemu yake, maneno yenye maana moja kwa lugha kadhaa: Wan Acel, Tuli Bamu, Turibamwe. Hilo la mwisho Mrundi yeyote analisikia sawasawa: sisi ni wamoja. Neno ambalo bibi zetu wa Kabonga wangelielewa lilikuwa jina la maonyesho huko Ulaya.

Maswali ya haki

Hatutaki kusifu bila kupima. Tulipozungumza na wazee juu ya habari hizi, waliuliza maswali mawili ambayo ni ya haki.

Swali la kwanza: nguo iliyowafunika wafu inawezaje kutundikwa ukutani watu waipige picha? Jibu letu ni kwamba gome lilikuwa vazi la walio hai kabla ya kubaki la wafu peke yao. Lilibaki la maziko kwa sababu pamba ililinyang'anya kazi nyingine zote. Anayelirudisha mbele ya macho ya watu hailaani nguo. Anairudishia nusu ya maisha yake. Hata hivyo tunakubaliana na wazee kwamba mwenye kuitumia sharti aijue kwanza, na asiichezee kama kitu kisicho na wenyewe.

Swali la pili: wanawake waliozungusha karatasi na kushona, majina yao yako wapi? Swali hili ni zito zaidi, na linahusu kazi za mikono popote duniani. Kazi hutoka mikononi mwa wengi, jina linabaki moja au halipo kabisa. Katika maonyesho ya 2024 kikundi cha wasusi kilitajwa miongoni mwa wasanii, pamoja na wenye majina makubwa. Hiyo ni hatua. Tunawaomba ndugu zetu wa mashirika walipokee jambo hili kwa moyo mwema. Mnaponunua mkeka, kikapu au kitambaa hapa kambini, ulizeni jina la aliyetengeneza na mliandike. Bei ni msaada wa mwezi huu, lakini jina litadumu kuliko mwezi.

Mfano wa kambi nyingine

Pengine mtu atasema: hao ni wasanii waliosoma Ulaya, sisi tutafanya nini? Tunao mfano wa wakimbizi kama sisi.

Baada ya mwaka 1975 watu wa kabila la Wahmong walikimbia kutoka Laos kwa sababu ya vita. Wengi walivuka mto Mekong usiku, kwa mashua au kwa kuelea juu ya mianzi, wakaingia Thailand na kuwekwa makambini, mojawapo ikiitwa Ban Vinai. Wanawake wa Kihmong walikuwa mafundi wa kudarizi tangu kale, lakini darizi zao za asili zilikuwa za maumbo na mistari tu, bila watu. Kambini walianza kitu kipya. Walidarizi habari: kijiji, mashamba, ndege za vita angani, watu wanaokimbia na watoto mgongoni, mto, mashua, na upande wa pili mahema ya kambi. Leo nguo hizo zimo katika majumba ya makumbusho, na wajukuu waliozaliwa Marekani huzitumia kujifunza safari ya bibi zao.

Sanaa hiyo ilizaliwa kambini. Ilianza kwa wanawake waliokuwa na sindano, muda mwingi wa kungoja, na jambo la kusema. Ni kweli pia kwamba wanunuzi walipoanza kupenda rangi fulani, baadhi ya mafundi walizifuata rangi hizo. Soko hulisha na soko hupotosha. Hilo nalo tujifunze.

Sisi tufanye nini

Miti ya hapa si yetu, na hatumshauri mtu yeyote kuvua gome lake. Wala hatusemi tuige kazi ya Waganda, kwa kuwa Waganda wenyewe wanaifanya vizuri. Tunasema kila watu huanza na walichonacho.

Sisi tuna vitenge vilivyochakaa, ambavyo ndivyo vilivyofungiwa mizigo njiani. Tuna viroba vya unga. Tuna madaftari yaliyokwisha, ambayo shule huyachoma kila mwaka. Daftari lililojaa hesabu na imla likikatwa na kuzungushwa hutoa shanga nzuri, na ndani ya kila ushanga mna mwandiko wa mtoto. Tunayo mikono ya akina mama wanaojua kushona na vijana wanaojua kuchora.

Basi tunapendekeza kwa Kamati mambo matatu.

Kwanza, wazee waliowahi kuona nguo ya gome, au waliosikia kwa wazazi wao jinsi ilivyotengenezwa na kuvaliwa, waandikwe mapema. Kila mwaka tunazika baadhi yao, na kila tunapozika mmoja, somo moja linafungwa.

Pili, kila kijiji cha kambi kishone kipande kimoja cha nguo, kikubwa kama shuka, chenye habari ya mahali kilikotoka. Watu wa Rumonge waonyeshe michikichi yao na mawese, wa Nyanza-Lac mitumbwi na taa za wavuvi wa usiku, wa Kabonga njia ya Kagunga. Atakayetaka kushona ushanga juu yake ashone. Atakayetaka kuacha viraka vionekane aviache. Pembeni yaandikwe majina ya wote walioshika sindano.

Tatu, vipande hivyo visiuzwe. Vya kuuza vishonwe vingine. Hivi viwe mali ya jumuiya. Kati yetu wapo watakaorudi nyumbani, wapo watakaopelekwa nchi za mbali, na wapo watakaokaa. Siku ya kuachana hatutaweza kugawana kambi, lakini nguo hukunjwa. Kila kundi litaweza kuondoka na kipande chake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatukuiacha nguo ya gome kwa kupenda, wala hatulazimiki kuirudia jinsi ilivyokuwa. Lakini watoto wetu wanaosema impuzu kila asubuhi wanapovaa sare wana haki ya kujua kwamba neno hilo lilikuwa mti, kwamba mti huo ukivuliwa ukafungwa vizuri huota gome jipya, na kwamba yaliyotupwa na historia yanaweza kuokotwa na kushonwa upya.

Mzee yeyote mwenye kumbukumbu, na mama yeyote mwenye sindano, atatukuta shuleni siku ya Jumamosi baada ya saa nane. Daftari la kuandikia lipo.